Presha Haibishi Hodi

Karibu katika kipindi chetu cha afya. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Mikinduri. Wengi wenu mnanijua kwa jina la "sista wa presha" kwa sababu ya ule mkoba mweusi ninaotembea nao siku ya soko. Na wewe unayesoma mazungumzo haya kijitabuni, karibu pia. Vuta kiti tuzungumze.

Leo nina swali moja kwako. Mara ya mwisho ulipimwa presha lini? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Kama jibu lako ni "nilipokuwa na mimba ya kifungua mimba," na mtoto huyo sasa yuko shule ya upili, basi mazungumzo haya ni yako. Na kama jibu lako ni "sijawahi, kwani sijaugua," basi ni yako zaidi.

Hauko peke yako. Mwaka wa 2015 serikali yetu ilifanya uchunguzi wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ilibainika kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Chukua matatu ya abiria 14 watu wazima, inayotoka hapa kwenda Meru mjini. Kwa hesabu hiyo, watatu au wanne kati yao wana presha ya juu. Wengi wao hawajui. Pengine mmoja wao ndiye anayeendesha.

PRESHA NI NINI?

Moyo ni pampu. Unasukuma damu kwenye mishipa ili ifike kila mahali mwilini, kuanzia ubongo hadi kidole cha mguu. Zile nguvu za damu kusukuma kuta za mishipa ndizo tunaita shinikizo la damu, au presha. Kila mtu ana presha. Asiye na presha amekufa. Shida ni pale inapopanda na kukaa juu.

Tuchukue mfano wa maji ya mradi yanayoteremka kutoka milima ya Nyambene. Mchana watu wakifungulia, paipu inatulia. Usiku kila mtu akifunga, maji yanasukuma kwa nguvu, na asubuhi unakuta kiungo kimepasuka na shamba limejaa tope. Ile paipu haikulia usiku kucha ikisema inaumia. Ilinyamaza mpaka ikapasuka. Mishipa yako pia iko hivyo.

Ukipimwa utaambiwa namba mbili. Ya kwanza ni nguvu wakati moyo unapojikaza kusukuma. Ya pili ni nguvu wakati moyo unapopumzika kabla ya kusukuma tena. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikirudiwa siku nyingine ikawa bado iko hapo, hiyo ni presha ya juu. Namba moja tu kati ya hizo mbili ikipita kiwango, bado inahesabiwa. Katikati ya hapo ni onyo: bado hujawa mgonjwa, lakini uko njiani.

"SISTA, MBONA SIUMWI?"

Hili ndilo jambo ninaloambiwa kila siku. Mwingine ananiambia, "Mimi najua presha yangu, ikipanda kichwa huniuma." Ndugu yangu, usitegemee kichwa. Watu wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote. Wanalima, wanabeba mizigo, wanacheza densi kwenye arusi. Wakati huo presha inachosha moyo, inaharibu figo, inapunguza nguvu ya macho na kudhoofisha mishipa ya ubongo. Ukingoja mpaka usikie maumivu, utakuwa umengojea kiharusi, moyo kushindwa kazi, au figo kufa.

Nikupe mfano wa mtu mkubwa. Franklin Roosevelt alikuwa rais wa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alikuwa na daktari wa moyo wa kumpima mara kwa mara, na daktari huyo aliona presha iko juu zaidi ya mwaka mmoja kabla ya rais kufa. Lakini miaka hiyo hakukuwa na dawa nzuri za kuishusha. Tarehe 12 Aprili 1945 rais alisema kichwa kinamuuma sana, akazirai. Presha ilipopimwa ilikuwa 300 kwa 190. Alikufa siku hiyo hiyo kwa damu kuvuja ubongoni. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Sasa tazama. Yule rais alikuwa na mashine lakini hakuwa na dawa. Wewe hapa Mikinduri, dawa zipo, na ni tembe ndogo za kila siku. Kinachokosekana ni wewe kuleta mkono upimwe.

MAMBO YA NYUMBANI KWETU

Naomba nikuambie jambo ambalo kwa muda mrefu niliona haya kulisema.

Nilipomaliza diploma yangu ya uuguzi na kuanza kazi, nilipima watu wengi sana. Nilipima sokoni, kanisani, hata kwenye baraza la chifu. Mwisho wa mwezi nilikuwa nikienda nyumbani kuwaona wazazi, na mashine iko ndani ya mkoba. Baba alikuwa na miaka 58, mtu wa kazi, anapanda mti wa miraa kama kijana. Siku moja nikamwambia, "Baba, leta mkono nikupime." Akacheka. Akasema, "Wewe pima wagonjwa. Mimi nikiugua nitakuita." Nami nikacheka. Sikumsukuma. Ni baba yangu, na mtoto hamlazimishi baba yake. Tukanywa chai, nikarudi kazini na mashine yangu.

Miezi minne baadaye niliamshwa na simu ya mama. Baba alikuwa ameanguka alfajiri karibu na boma la ng'ombe. Mdomo umepinda, maneno hayatoki, mkono wa kulia hauinuki. Baadhi ya majirani walisema ametupiwa kitu na mtu mbaya. Zaidi ya saa moja ilipotea watu wakibishana. Alipofikishwa hospitalini presha ilikuwa 214 kwa 126. Ilikuwa ni kiharusi.

Baba yuko hai, namshukuru Mungu. Anatembea na bakora. Lakini ule mkono wa kulia uliokuwa ukifunga miraa na kutuandikia barua za shule haujarudi. Hajawahi kunilaumu. Ninayejilaumu ni mimi.

Wiki hiyo hiyo, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, nilimwambia mama, "Leta mkono." Safari hii hakuna aliyecheka. Presha yake ilikuwa 168 kwa 102. Mama hakuwa akiumwa popote. Nilifikiri labda ni hofu na kukosa usingizi. Tukarudia baada ya siku chache, na tena wiki iliyofuata. Bado iko juu. Akaanzishwa dawa. Hadi leo mama anameza dawa yake kila asubuhi kabla ya chai, presha yake inakaa karibu na 130 kwa 80, na kiondo chake anakibeba mwenyewe kutoka sokoni.

Nyumba moja, chungu kimoja, chumvi ile ile. Aliyepimwa akiwa mzima bado anatumia mikono yake miwili.

IMETOKA WAPI?

Wazee huniuliza, "Mbona zamani hatukusikia habari za presha?" Ni swali la maana. Mwaka wa 1929 daktari mmoja wa kikoloni aitwaye Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii, aliandika habari za Waafrika 1,000 aliowapima presha huko. Hakuona presha ikipanda kadiri watu walivyozeeka, kama alivyozoea kuiona Ulaya. Kwa hivyo wazee wetu hawadanganyi.

Ni nini kilichobadilika? Watafiti walifuata vijana Waluo waliohama kutoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Katika muda mfupi tu wa kuishi mjini, presha za wale waliohama zilikuwa juu kuliko za waliobaki. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi na kupungukiwa na madini ya potasiamu, yale yanayopatikana kwenye matunda, mboga na viazi. Uzani na mapigo ya moyo pia yalikuwa yameongezeka. Ni watu wa kabila moja. Kilichobadilika ni maisha.

Leo huna haja ya kuhamia Nairobi. Nairobi imekuja Mikinduri. Chumvi ya kuongeza mezani, vidonge vya kukoleza mchuzi, chipsi kando ya barabara, soda, mafuta mazito ya kupikia. Na pale ambapo zamani tulitembea kwa miguu, sasa tunaita bodaboda. Ukichanganya na urithi wa jamii, uzee, pombe, sigara na mawazo mengi, presha inapata mahali pa kukaa.

NA MIRAA JE?

Najua ninasema haya nikiwa wapi. Miraa ndiyo iliyonilipia karo, na pengine ndiyo inayolipa karo ya watoto wako. Sikuambii ung'oe mti. Nakuambia kile ambacho kila anayetafuna anakihisi mwenyewe: moyo unadunda kwa kasi. Ndani ya miraa kuna kemikali iitwayo kathinoni. Hiyo huamsha mwili, huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha kwa saa kadhaa. Kwa mtu ambaye presha yake tayari iko juu, ni kama kuongeza maji kwenye paipu iliyokwisha kuvimba. Na miraa haiji peke yake. Huja na soda, sigara na kukesha. Kwa hivyo, kama una presha, kuuza ni biashara yako, lakini kutafuna acha.

JINSI YA KUPIMWA VIZURI

Kupimwa vibaya kunaleta namba za uongo. Hata kama nesi ana haraka, wewe jua haki yako.

1. Nusu saa kabla ya kupimwa usinywe kahawa au chai ya rangi, wala usivute sigara. Kama umetafuna miraa siku hiyo, sema ukweli. Hatutakugombeza. Utaambiwa urudi siku nyingine.

2. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha.

3. Keti na upumzike kwa dakika 5. Egemeza mgongo, weka miguu yote miwili sakafuni, usikunje nne.

4. Mkono uwe wazi, si juu ya sweta, na ulazwe mezani usawa wa moyo.

5. Usiongee wakati mashine inapima. Hata habari za siasa zingoje.

6. Upimwe mara mbili, ukipumzika dakika moja au mbili katikati.

7. Uliza namba zako na uziandike kwenye daftari. Usikubali kuambiwa "uko sawa" tu.

Mtu mzima yeyote apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi akiwa amepita miaka 40, ana mwili mkubwa, au mzazi wake alikuwa na presha. Mama mjamzito apimwe kila anapokuja kliniki bila kukosa, kwa maana presha ya mimba inaweza kuua mama na mtoto. Siku hiyo hiyo omba upimwe sukari pia. Presha na sukari ni marafiki, wakikaa pamoja wanaharibu moyo na figo haraka zaidi.

NITAPIMWA WAPI?

Zahanati yoyote au kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe. Pia, Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Muulize mzee wa mtaa ni nani anayehudumia kijiji chenu. Mtu huyo anaweza kukupima ukiwa umeketi chini ya mwembe wako. Na ukumbuke kwamba tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kama hujajiandikisha, jiandikishe. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa waliojiandikisha.

MASWALI MNAYONIULIZA

"Nikianza dawa, si nitazimeza maisha yote?" Wengi, ndiyo. Lakini hata chakula unakula maisha yote na hujalalamika. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kumeza dawa miezi miwili, presha inashuka, anasema amepona, anaacha. Presha ilishuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha, inarudi, na hairudi na kelele.

"Dawa zinanisumbua, je?" Rudi useme. Ziko dawa zinazovimbisha miguu, ziko zinazoleta kikohozi kikavu, ziko zinazokupeleka haja ndogo mara nyingi. Tunaweza kubadilisha. Usiache kimya kimya. Na kama zimeisha kituoni, usingoje mwezi ujao. Uliza zinapatikana wapi kabla hujamaliza tembe ya mwisho.

"Naweza kutumia za jirani?" Hapana. Dawa inayomfaa jirani inaweza kukudhuru wewe. Ziko dawa za presha ambazo mama mjamzito hapaswi kumeza hata kidogo.

"Kitunguu saumu hakitoshi?" Kitie kwenye mboga, ni kitamu. Lakini kisichukue nafasi ya dawa.

"Nifanye nini nyumbani?" Punguza chumvi. Mtu mzima asipite kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku nzima, tukihesabu chakula chote. Githeri yako itie dania, kitunguu na nyanya, utaona baada ya wiki mbili ulimi umezoea. Kula ndizi, viazi vitamu, maharagwe, terere na sukuma wiki, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, hapo uulize kwanza. Tembea kwa nguvu nusu saa, siku 5 kwa wiki. Anayelima amekwisha kutembea. Ninayemwambia ni yule anayekaa dukani kutwa. Punguza pombe. Sigara acha kabisa.

DALILI ZA HATARI

Ukiona mtu ghafla uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja au mguu umelegea, au maneno yanakwama, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali mara moja, na ukumbuke saa iliyoanza. Mlaze kwa ubavu. Usimpe maji, chakula wala dawa mdomoni, anaweza kupaliwa. Kuombewa ni vizuri, lakini aombewe akiwa ndani ya gari. Vivyo hivyo kwa maumivu makali ya kifua, kukosa pumzi, au presha ya 180 kwa 120 na kupita, pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona giza. Mama mjamzito anayeumwa na kichwa sana, anayeona ukungu au aliyevimba uso na mikono asingoje kesho.

JINSI YA KUMWAMBIA MZEE

Nimalizie hapa, kwa sababu hapa ndipo mimi nilishindwa. Kila mtu anayesikiliza ana mtu wake nyumbani anayekataa kupimwa. Nimejifunza kwamba mara nyingi mzee hakatai mashine, anakataa kuitwa mgonjwa. Kwa hivyo usimwambie, "Baba, wewe unaonekana una presha." Anza na wewe mwenyewe. Jipime mbele yake, au mkaribishe mhamasishaji wa kijiji nyumbani siku ya Jumapili, watu wote wa boma wapimwe kwa zamu, na mzee apewe heshima ya kuwa wa kwanza. Mwambie, "Baba, tunaandika namba za watu wote wa nyumba hii, na yako haipo." Mjukuu akishika daftari, babu hatakataa.

Akicheka, cheka naye. Lakini usirudishe mashine mkobani.

Kazi yako ya wiki hii ni moja: pimwa wewe, kisha uhakikishe kuna mtu mwingine mmoja wa nyumbani kwako amepimwa. Andika namba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi ukuta uliharibika, na tunaujenga polepole kila siku kwa mazoezi ya mkono mmoja. Wako ungali umesimama. Uzibe ufa.

Siku ya soko nitakuwa pale pale na mkoba wangu. Ukiniona, usinisalimie kwa mbali ukipita. Njoo uketi, upumzike dakika 5, halafu unipe mkono. Kwaheri, na Mungu akulinde.